UZI: 47.82 ya Akii-Bua, na rekodi nyingine ambazo sidhani kama tutaziona zikivunjwa

Mwana_Kambi

Wakuu habari za jioni. Jana nlikuwa kibandani nasubiri mechi ya usiku, vijana wakaanza kubishana ni rekodi gani ya michezo haitavunjwa kamwe. Mmoja Bolt, mwingine Messi na magoli yake 91 ya mwaka 2012, mwingine anapiga meza anasema Arsenal kumaliza ligi bila kufungwa. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Akii-Bua, mkimbiaji wetu wa viunzi, na tulikuwa Uganda hapa hapa. Nikanyamaza lakini nimelala nayo moyoni, kwa hiyo leo naandika yote, mnivumilie ni ndefu.

Mi nimekulia kambi ya polisi. Baba alikuwa konstebo, na kwa watu wa kambi Akii-Bua alikuwa mwenzao, polisi kama wao, mtoto wa Lango aliyevaa kaki ileile. Baba alikuwa anatusimulia mbio ile kwa Kiswahili cha kambi, anasimama katikati ya nyumba anaonyesha na mikono, mama anamwambia utaangusha taa.

Tarehe 2 Septemba 1972, Munich, fainali ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi. Amepangwa leni ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kwa ambaye hajawahi kukimbia hiyo mbio niseme kidogo. Viunzi ni 10, kimo sentimita 91.4, cha kwanza kiko mita 45 kutoka mstari, halafu mita 35 kati ya kimoja na kingine, ukimaliza cha mwisho unabaki na mita 40 na miguu haipo tena. Leni ya ndani kona inakubana, mtu mrefu anajikuta anapigana na kona yenyewe huku anatakiwa kuruka, na wenzako wote unawaona mbele yako sababu ya mpangilio wa kuanzia. Ni leni ambayo hakuna anayeiomba. Ila Akii-Bua alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, aliweza kuruka akitanguliza mguu wa kushoto au wa kulia, wowote uliokuja. Kocha wake Malcolm Arnold, Mwingereza, alikuwa anamfanyisha mazoezi ya viunzi amevaa koti la uzito.

Aliyekuwa na rekodi ya dunia ni David Hemery wa Uingereza, 48.12, aliiweka Mexico 1968. Na Hemery aliondoka kwa moto siku ile, viunzi vya mwanzo anaongoza. Wanatoka kona ya mwisho, Akii-Bua anakuja upande wa ndani, anampita, anaendelea tu kama mtu ambaye ndo anaanza. 47.82. Mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani wa pili, Hemery wa tatu.

Sasa sikilizeni. Kama rekodi ya dunia, ilikaa miaka minne tu. Montreal 1976 Edwin Moses akakimbia 47.64, na Akii-Bua hakuwepo uwanjani kwa sababu nchi za Afrika zilisusia kwa ajili ya New Zealand kwenda kucheza raga Afrika Kusini ya makaburu. Leo rekodi ya dunia ni 45.94 ya Karsten Warholm wa Norway, Tokyo 2021. Dunia imesonga karibu sekunde mbili. Lakini rekodi ya Uganda ni ngapi? 47.82. Ileile. Baba amezaa, amestaafu, amezikwa, na hakuna Mganda aliyekimbia chini ya pale.

Ndo maana nasema kuna rekodi za namna mbili. Kuna inayokaa sababu aliyeiweka alienda mbali mno, na kuna inayokaa sababu njia aliyopita ilifungwa nyuma yake. Kwa nje zinafanana. Leteni zenu tuzipime.

Dereva_Malaba

Mwana Kambi umenikumbusha marehemu mjomba, naye alikuwa anaisimulia hivohivo na mikono.

Mi naleta David Rudisha wa Kenya. Niko hapa Malaba nimekwama kwenye foleni ya malori kwa hiyo nna muda. London 2012, mita 800, 1:40.91. Watu wanaitazama hiyo namba tu lakini angalia ilivyokuja. Mbio za rekodi siku hizi mtu anawekewa wawekaji kasi, wanamvuta mizunguko ya mwanzo halafu wanatoka. Rudisha alikuwa kwenye fainali ya Olimpiki, hakuna wa kumvuta, akaongoza mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Na aliwavuta wengine wote, yaani aliyekuwa wa nane, wa mwisho kabisa, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Beijing, Athens na hata Sydney. Wa mwisho! Mi sijawahi kuona mbio ingine ambayo wa mwisho anastahili kuhurumiwa na kupongezwa kwa pamoja.

Mwana_Kambi

Dereva hiyo ya Rudisha ni safi, na ni ya aina ya kwanza kabisa. Ila sidhani kama itadumu milele. Wanyonyi, Mkenya mwenzake, alikimbia 1:41.11 Lausanne 2024, zimebaki sehemu 20 za mia za sekunde tu, na bado ni kijana mdogo. Kinachoweza kudumu ni ile *namna*, kuifanya kwenye fainali ya Olimpiki bila wa kukuvuta. Namba itaondoka, ile namna sijui.

Binti_Arua

Shikamooni wakubwa. Naona mnaongea wanaume tu hapa, rekodi sugu kuliko zote ziko kwa wanawake.

Mita 800, Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia, 1:53.28, Munich, Julai 1983. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nchi yenyewe haipo tena. Aliyemkaribia upande wetu ni Pamela Jelimo wa Kenya, 1:54.01 Zurich 2008. Mita 400, Marita Koch wa Ujerumani Mashariki, 47.60, Canberra 1985, nchi hiyo nayo haipo. Mita 100, Florence Griffith-Joyner, 10.49, Indianapolis 1988, kwenye robo fainali. Hiyo siku kipima upepo cha mbio yake kilisoma sufuri kabisa wakati pembeni pale kwenye miruko mitatu upepo ulikuwa unasoma zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Uwanja mmoja, saa ileile, na upepo wa nyuma unamsukuma mkimbiaji.

Nimekimbia mita 400 shuleni na chuoni, najua mita 100 za mwisho zinavyofanya mapaja yawe mawe. Nikiziangalia hizo namba nasikia vibaya kwa wasichana wa sasa. Sisemi fulani alitumia nini, hao watatu hakuna aliyewahi kukamatwa. Nasema zama zile hakukuwa na kupimwa ghafla nyumbani asubuhi kama wanavyopimwa sasa, na mpango wa serikali ya Ujerumani Mashariki wa kuwapa wanamichezo dawa ulikuja kuthibitika wenyewe baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Kwa hiyo msichana wa leo anapimwa saa kumi na mbili asubuhi, na bado anashindanishwa na namba za wakati ambapo hakuna aliyegonga mlango.

Lakini hata hizo zinasogelewa. Sydney McLaughlin-Levrone alikimbia 47.78 Tokyo 2025. Nililia, kweli nililia, sababu kwa miaka 40 watu walikuwa wanasema hiyo mita 400 hata isiguswe.

Gunner_Lira

Arsenal mechi 49 bila kufungwa, iliisha Old Trafford Oktoba 2004. Nimemaliza.

Dereva_Malaba

Gunner hiyo nakupa heshima yako, kumaliza ligi ya Uingereza ya mechi 38 bila kupoteza hakuna aliyerudia. Ila timu yenye pesa ya kutosha inaweza kuirudia mwaka wowote. Haijafungwa njia.

Mkongo_Mpondwe

Jambo wapenzi. Mimi niko mpakani Mpondwe huku, naomba niingize mtu mmoja ambaye vijana wa kibandani hata jina lake hawalijui.

Ndaye Mulamba wa Zaire. Kombe la Afrika 1974, Misri. Magoli 9 kwenye mashindano moja. Tisa. Uganda pia mlikuwepo kwenye mashindano ileile. Nusu fainali wanakutana na wenyeji Misri, Mulamba anafunga mawili, Zaire wanashinda 3-2. Fainali na Zambia, 2-2, yote mawili yake. Zama hizo hawakumaliza kwa penalti, ikarudiwa baada ya siku chache, Zaire 2-0, na mawili hayo tena yake. Kwa hiyo fainali ilichezwa mara mbili na kila goli la Zaire ni la mtu mmoja.

Mwana Kambi anasema njia imefungwa, hii hapa ndiyo mfano. Wakati ule timu zilikuwa 8, leo ni 24, mechi ni nyingi zaidi lakini mabeki nao wanacheza Ulaya, kila mshambuliaji anachunguzwa kwenye video mpaka anavyovaa kiatu, na hakuna fainali ya kurudiwa ya kukupa mechi nyingine. Toka hapo hakuna aliyefika tisa, si Eto'o, si Drogba, si Salah.

Na kitu kinachoniuma. Miezi michache baadaye wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, wakafungwa 9-0 na Yugoslavia, na katika mechi hiyo mwamuzi akampa Mulamba kadi nyekundu ya kosa la mwenzake. Alimchanganya. Mfungaji bora wa Afrika ametolewa nje dakika za mwanzo kwa kosa ambalo hakufanya. Alifariki 2019 Johannesburg, mbali na nyumbani. Baba yangu alikuwa akisikia mtu anacheka ile 9-0 anasimama anaondoka.

Mwana_Kambi

Mkongo, asante saana. Hiyo ya fainali mbili sikuijua. Na imenigusa sababu Akii-Bua naye ilikuwa hivohivo, utukufu 1972, halafu 1979 vita vilipoingia alikimbilia Kenya akaishia kambi ya wakimbizi, bingwa wa Olimpiki kambini, kabla ya kampuni ya viatu kumsaidia kwenda Ujerumani. Alifariki 1997, hajafika hata miaka 50.

Kwenye mpira nilitaka kutaja Just Fontaine, Mfaransa aliyezaliwa Marrakech, magoli 13 kwenye Kombe la Dunia moja, Sweden 1958, mechi sita, na viatu alikuwa ameazima kwa mwenzake. Sa hii bingwa anacheza mechi nane sababu timu ni 48, kwa hiyo hesabu inasema nafasi ipo, lakini Mbappé alicheza saba Qatar akafunga nane na tuliona ni maajabu.

Dereva_Malaba

Kuna ile ya Madagascar 2002, AS Adema 149-0. Wapinzani walikuwa wanajifunga wenyewe kumpinga refa. Hiyo mi siiiti rekodi, ile ilikuwa mgomo.

Binti_Arua

Halafu kuna rekodi ambayo haivunjwi kwa maana halisi, ya kuwa wa kwanza. Inzikuru wetu wa Vurra. Helsinki 2005, mashindano ya dunia, mara ya kwanza kabisa wanawake kukimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye mashindano hayo, na aliyeshinda ni yeye. Atakuja mwingine na muda mzuri zaidi, wamekuja wengi, Peruth Chemutai akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo mbio hiyohiyo. Lakini orodha ya mabingwa wa dunia wa mbio hiyo itaanza na jina la msichana wa Arua mpaka mwisho wa dunia. Nlikuwa darasa la tatu, aliporudi watu walijaa barabarani, sisi tulikimbia nyuma ya gari miguu peku tukiamini kila mmoja wetu ndo anayefuata.

Boda_Kapchorwa

Nyinyi wote mnazunguka, njooni kwetu mlimani. Joshua Cheptegei. Mita 5000, Monaco 14 Agosti 2020, 12:35.36. Mita 10000, Valencia 7 Oktoba 2020, 26:11.00. Zote mbili alimnyang'anya Bekele wa Ethiopia, ya kwanza ilikaa miaka 16 na ya pili miaka 15. Wakati ule watu walikuwa wanasema Bekele hafikiki, hasa hiyo 12:37. Leo mnasema Cheptegei ndo hafikiki.

Mi napeleka abiria huko juu asubuhi, nawaona wanavyokimbia kwenye vumbi, makundi makundi. Hebu chukua saa, nenda uwanja wowote, kimbia mzunguko mmoja wa mita 400 kwa sekunde 63. Ukiweza, pumzika nusu saa useme nini umeona. Yeye aliifanya mizunguko 25 bila kusimama, na wastani wake ulikuwa chini kidogo ya hapo.

Dereva_Malaba

Boda, nakubali, lakini watu wanasema ni zile taa za kando ya uwanja zinazokuonyesha kasi, na viatu vipya vyenye plati ngumu ndani ya soli.

Boda_Kapchorwa

Taa haikimbii. Taa ipo kwa wote toka 2020 na viatu vinauzwa dukani, mbona wote hawajafika 26:11?

Mwana_Kambi

Hapo Boda umesema kweli, ila sikiliza na upande wangu, sababu ndo nlikokuwa naelekea toka mwanzo.

Rekodi za Cheptegei nadhani zitavunjwa, na nadhani atakayezivunja anaweza kutoka kijiji kilekile. Kwa nini? Njia iko wazi. Huko kwenu mtoto wa miaka 12 anamwona bingwa wa dunia anakimbia mbele ya nyumba yao. Kiplimo wetu alipoweka 57:31 ya nusu marathoni Lisbon 2021 ilichukua miaka mitatu tu Kejelcha wa Ethiopia akaipunguza kwa sekunde moja, Valencia. Mbio ndefu inataka mlima, mapafu, kundi na moyo. Mlima upo, kundi lipo.

Kuruka viunzi kunataka viunzi.

Mi ni mwalimu wa michezo sekondari huku mashariki. Miaka miwili iliyopita nikapata kijana, mrefu, anakimbia mita 400 vizuri na ana hasira nzuri ya mbio. Nikamwambia tujaribu ya Akii-Bua. Shule haina kiunzi hata kimoja. Nikaenda sehemu moja nilikojua vipo, vimefungiwa stoo, nikaambiwa leta barua, nikaleta, nikaambiwa barua ya mkubwa zaidi, mpaka muhula ukaisha. Basi nikakata mikaratusi, nikachimbia nguzo mbili mbili kwenye uwanja wa nyasi, juu nikapigilia mti mmoja kimo cha kiunzi. Nikapima mita 35 na kamba ya mbuzi.

Siku ya kwanza aliruka vitatu, cha nne akagonga. Kiunzi cha kweli ukikigonga kinaanguka mbele, unaendelea na mbio yako. Mkaratusi hauanguki. Ulimpiga hapa chini ya goti, akaanguka na kifua, damu mpaka kwenye soksi. Alirudi baada ya wiki, hakulalamika hata neno moja, lakini nikaona kitu ambacho kiliniuma kuliko ile damu. Kila akikikaribia kiunzi anafanya hatua ndogondogo, tu-tu-tu-tu, kama ng'ombe anayefika kwenye mto. Mguu umejifunza kuogopa. Na mbio hii yote ni kutoogopa, ni kukishambulia kiunzi kama hakipo, ukishaanza hatua ndogo muda umekwisha.

Nikatoa ile miti ya juu, nikaweka mafunjo kutoka bwawani. Ukigonga yanavunjika. Ilichukua miezi minne miguu isahau mkaratusi. MIEZI MINNE tumepoteza kusahaulisha kitu ambacho vyuma vya kawaida visingemfundisha.

Sasa vijana wa kibandani wakisema 47.82 imekaa zaidi ya miaka 50 sababu Akii-Bua alikuwa jitu, mi nakubali alikuwa jitu. Lakini wangapi walijaribu? Wangapi walishawahi kuruka viunzi 10 vya kweli vilivyopangwa kwenye uwanja wa kweli hata mara 20 maishani mwao? Akii-Bua alikuwa na kocha wa kudumu, alikuwa na viunzi, alikuwa na muda wa mazoezi kazini polisi. Hicho ndicho kilichofungwa. Angalia Zambia, Samuel Matete 47.10, Zurich 1991. Angalia Kenya, Nicholas Bett bingwa wa dunia Beijing 2015, 47.79, alimpita Akii-Bua kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Waafrika wenzetu hao, na miguu kama yetu.

Kwa hiyo ya Fontaine ikae, ya Mulamba ikae, itunzwe. Hii ya Akii-Bua nataka ivunjwe, na nnaamini kabisa yeye mwenyewe angetaka.

Binti_Arua

Mwalimu nimesoma mara mbili. Kijana yuko wapi sasa?

Mwana_Kambi

Yupo, anaingia kidato cha tano. Saa ya mkononi, nyasi, mafunjo, amekimbia 55 na kitu. Bado mbali saana. Ila hatua ndogondogo zimeisha.

Fundi_Tororo

Mwalimu samahani nimekuwa nasoma tu kimya. Mi nachomelea vyuma hapa Tororo, mageti na madirisha. Hicho kiunzi cha kweli kikoje? Nipe vipimo tu, mabomba ya mabaki ninayo.

Mwana_Kambi

Fundi, Mungu akuweke. Miguu miwili ya chini inalala kuelekea upande anakotoka mkimbiaji, ndo maana akigonga kinaanguka mbele wala hakimzuii. Ukiigeuza kinakuwa mkaratusi tena. Kizito kisipungue kilo 10 chote, na chini kwenye miguu kuna uzito unaosogezwa, ili kiangushwe na nguvu ya kama kilo 3.6 mpaka 4 pale juu katikati. Ubao wa juu ni mbao, sentimita 7. Kimo toboa matundu matatu, 76.2 kwa wasichana, 83.8 kwa wadogo, 91.4 kwa mbio yenyewe.

Fundi_Tororo

Huo uzito wa kusogezwa nikijaza zege kwenye bomba fupi linalotelezea ndani, itafaa?

Mwana_Kambi

Itafaa kabisa. Tutapima na mzani wa mahindi.

Fundi_Tororo

Basi kumi kwa mara moja siwezi. Nianze na vitano, Jumamosi ya wiki ijayo uje na gari au pikapu.

Dereva_Malaba

Gari ni langu. Nikitoka kwenye hii foleni napitia Tororo.

Mwana_Kambi

Vitano vinafika mita 185, karibu nusu ya mzunguko. Vingine vitano vya mbele tutaendelea na mafunjo kwanza. Nakuja na kamba yangu ya kupimia.